Elfu 5, elfu 40, nusu milioni au milioni 3: pesa ipi hubadilisha maisha Mombasa?

Swali hili huulizwa kana kwamba jibu lake ni namba moja. Lakini shilingi 40,000 humtoa mtu mmoja shimoni kabisa, na mwenzake akashika 400,000, miezi 8 ikipita yuko palepale, pengine na deni juu. Mara nyingi tofauti yao si akili wala bidii. Ni kama pesa iliziba tundu, au ilimwagwa juu ya tundu ikapita.

Kwa hiyo tumelinganisha viwango mbalimbali vya pesa kwa kipimo kimoja: pesa hii inafuta malipo gani unayolipa leo, na itachukua miezi mingapi kujirudisha? Bei za bidhaa na kodi tulizotumia ni za kukokotolea. Toa zetu, weka zako za mtaani kwenu, hesabu itabaki ileile.

Pima tundu kabla ya kutaja kiasi

Tundu ni kile unacholipa kila siku kwa sababu tu hujawahi kushika pesa za kutosha kwa mkupuo. Dereva wa bodaboda ana tundu la hesabu anayompelekea mwenye pikipiki. Mpika viazi karai ana tundu la mafuta ya kupimiwa dukani na makaa ya kopo badala ya gunia. Nyumba isiyo na tangi kule Mshomoroni hununua maji kwa mtungi wa lita 20, na mifereji ikikauka mwenye mkokoteni hupandisha bei bila kuuliza mtu. Mwenye kioski hujaza rafu kwa mkopo wa simu.

Chukua daftari uandike kila malipo ya aina hiyo kwa siku 14 mfululizo. Siku 3 hazitoshi, kwa kuwa matumizi ya tarehe 2 na ya tarehe 24 hayafanani hata kidogo. Kisha zidisha upate mwezi.

Mfano wa bodaboda: hesabu ya 350 kwa siku 26 ni 9,100 kwa mwezi. Pikipiki ya 180,000 ukiigawanya kwa 9,100 unapata miezi 20 hivi, na hapo ndipo wengi hufunga daftari wakashangilia. Bado. Bima, oili, tairi na breki zilikuwa za mwenye pikipiki, sasa ni zako. Zikiwa 2,500 kwa mwezi, tundu halisi ni 6,600, na muda unakuwa miezi 27.

Kwa chombo cha kazi, msimamo wetu ni huu: chini ya miezi 12, chukua. Kati ya 12 na 30, chukua ikiwa chombo chenyewe kitaishi kuzidi muda huo. Ikipita 30, unanunua kazi nyingine tu.

Elfu 5 hadi 10: karatasi na deni la simu

Kiasi hiki hudharauliwa, na kweli hakifungui biashara ya maana. Ila kuna watu wawili kinaowabadilishia maisha.

Wa kwanza ni mwenye ujuzi asiye na karatasi. Cheti cha tabia njema cha polisi ni shilingi 1,050, na kampuni za ulinzi, hoteli za Nyali na Bamburi na kampuni za makasha bandarini hazikusikilizi bila hicho. Mpishi au mhudumu wa chakula anahitaji cheti cha afya kinachopimwa upya kila miezi 6. Fundi aliyejifunza kazi mikononi mwa fundi mwenzake anaweza kufanyiwa mtihani wa NITA (mamlaka ya mafunzo ya viwandani), kuanzia Gredi III hadi Gredi I, bila kurudi shule. Mwashi wa miaka 10 asiye na gredi hulipwa kama kibarua kwenye miradi mikubwa. Akiwa nayo, anaandikwa fundi. Kwa kila shilingi iliyotumika, hakuna kitu katika ulinganisho huu wote kinachoikaribia hiyo.

Wa pili ni yule anayeendesha biashara kwa mkopo wa simu. M-Shwari hutoza ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30. Ukikopa 5,000 ada hiyo pekee ni 375, na ukikopa hivyo kila mwezi, mwaka ukiisha umelipa 4,500, karibu mtaji wenyewe. Mtu huyu akipata 5,000 zake mwenyewe na asikope tena, ameziba tundu. Asipokuwa nazo, Hustler Fund, mfuko wa mikopo wa serikali, ni nafuu mno kwa riba: asilimia 8 kwa mwaka, yaani kama shilingi 15 kwa 5,000 za siku 14. Ubaya wake ni kwamba kiwango cha kuanzia huwa kidogo (mkopo huanzia shilingi 500), siku 14 ni chache kwa bidhaa zisizotoka haraka, na asilimia 5 ya kila mkopo huzuiwa kama akiba.

Mwenye 5,000 asiye na deni wala haja ya karatasi, tungemwambia alipe SHA, bima ya afya ya serikali. Kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, na asiyeajiriwa hulipa mwaka mzima kwa pamoja, 3,600. Haileti faida yoyote ya kuonekana, ila mitaji mingi ya vibandani hufa wodini kabla ya kufia sokoni.

Elfu 25 hadi 50: mahamri au samaki wa kukaanga?

Hapa tutakaa kidogo, maana ndicho kiwango ambacho watu wengi hukipata kweli, iwe kwa chama, kwa ndugu aliye Ghuba au kwa mshahara wa mwisho wa mkataba.

Mahamri kwanza. Pakiti ya unga wa ngano ya kilo 2, sukari gramu 300, tui la nazi moja kubwa, hamira na iliki hutoa mahamri 70 ya shilingi 10 yasiyo ya aibu. Gharama: unga 190, sukari 45, nazi 50, hamira na iliki 25, mafuta yanayonywewa 90, makaa 80. Jumla 480, mauzo 700, faida 220. Ni ndogo. Ndiyo maana asiyeweka mbaazi pembeni hafiki mbali. Kilo moja ya mbaazi kavu, nazi mbili, vitunguu na makaa ya kuchemshia hugharimu kama 380 na kutoa sahani 25 za shilingi 30, sawa na 750. Pakiti mbili za mahamri na kilo moja ya mbaazi zinakupa 810 kwa siku, karibu 21,000 kwa siku 26.

Mambo huharibikia wapi? Mafuta yasiyopata moto: hamri huzama, likakaa chini, likanywa mafuta na kutoka zito, na hapo 90 yako ya mafuta inakuwa 150 huku mteja akifuta vidole kwa gazeti. Ukilitia nalo lipande juu mara moja na kuanza kufura, moto uko sawa. Joto la Kaskazi: kuanzia Januari hadi Machi unga uliokandwa saa 3 usiku huwa umechacha alfajiri, kwa hiyo punguza hamira nusu au kanda saa 9 usiku. Saa za kuuza: ni saa 12 hadi saa 3 asubuhi, basi. Kilichobaki saa 4 ni cha nyumbani. Halafu kuna ule wimbo wa kila asubuhi: “Mama, niandikie, nitakuletea jioni.” Watu 8 wa chai ya 50 ni shilingi 400, nusu ya faida ya siku imeingia daftarini. Weka mwisho wa watu 3, na jina lisilolipa Ijumaa lisiandikwe Jumamosi. Ramadhani biashara yote huhamia alasiri, na kinachotoka ni kaimati, sambusa, viazi karai na bajia. Anayeendelea kukaanga mahamri peke yake mwezi huo anajipa likizo bila kujua.

Samaki sasa. Mama karanga, yaani mkaanga samaki, anayenunua kilo 8 za samaki wadogo mashua zinapotua, kwa 350 kilo, ametoa 2,800. Mafuta na makaa 400. Akiuza vipande vyote apate 4,400, faida yake ni 1,200, nusu zaidi ya mahamri. Lakini ananunua kwa kilo na kuuza kwa kipande: matumbo na magamba vimeshapungua, karai nalo limekausha kilichobaki, na mnunuzi anaangalia ukubwa kwa jicho. Akikosea kukata vipande, akatoa 70 badala ya 80, faida ya siku imepungua kwa mamia. Kusi nalo likivuma, kuanzia Aprili hadi Septemba hivi, bahari huchafuka, mashua hazitoki kila siku na bei ya ufukweni hupanda. Mlaji wa Majengo hajaongezewa mshahara kwa sababu ya upepo, kwa hiyo kipande kinabaki bei ileile na wewe ndiye unayebeba tofauti.

Njia yetu ya kuchagua kati ya hizi mbili si faida ya siku. Ni siku ngapi mbaya mtaji wako unaweza kuzibeba. Tuseme una 30,000 na vyombo vimekula 10,000 (karai, jiko kubwa, meza, sufuria, kibali cha kaunti, vikipita nusu ya pesa yote, punguza). Zimebaki 20,000. Siku ya mahamri na mbaazi inayopotea yote ni 1,340, kwa hiyo una siku 14 za kuanguka. Siku ya samaki ni 3,200, una siku 6. Mwenye watoto na asiye na pato jingine nyumbani aanze na mahamri. Samaki ni wa mwenye mtu wa pili anayeingiza chochote, na anayeweza kufika ufukweni mwenyewe badala ya kununua kwa mchuuzi aliyekwisha kuongeza lake.

Friza ndiyo mtego wa kiwango hiki. Barafu ya 150 kwa siku ni 3,900 kwa mwezi. Friza ya 45,000 inayokula tokeni ya 2,500 inakuokolea 1,400 tu, yaani miezi 32 kujirudisha, na hapo hujahesabu usiku umeme ulipopotea kilo 10 zikiwa ndani. Inaanza kuwa na maana kwa anayejaza wakati wa Kaskazi samaki wakiwa wengi na kuuza kidogokidogo kwa hoteli na vibanda. Kwa karai moja, sanduku la barafu linatosha.

Elfu 100 hadi 200: pikipiki, ufundi, au “kazi ya meli”

Pikipiki ya taslimu tumekwisha kuihesabu, miezi 27. Ya mkopo ni hesabu nyingine kabisa. Tuseme unatanguliza 30,000 na kulipa 450 kila siku kwa miezi 18, siku 540. Hizo ni 243,000, na ukijumlisha ya kutanguliza, pikipiki ya 180,000 imekugharimu 273,000. Zile 93,000 za juu ni pakiti za unga karibu 490. Mkataba pia huhesabu Jumapili, siku ya mvua na siku uliyolazwa, na ukikosa siku kadhaa chombo huvutwa. Kwa hiyo mwenye 100,000 mkononi asitangulize 30,000 na kuzila nyingine. Atangulize zote isipokuwa 15,000 za dharura, na alazimishe muda ufupi zaidi kwa maandishi.

Ufundi: mchomeleaji anayekodi mashine anatoboka kila siku ya kazi. Mashine ya kuchomelea, grinda na drili za hali ya wastani huingia kwenye kiwango hiki na kubaki na akiba ya vijiti na mabati ya kuanzia. Zikilinganishwa na pikipiki, zina sifa mbili: haziendi barabarani zikagongwa, na bei ya kazi unaipanga wewe. Udhaifu wake ni wateja. Pikipiki hupata abiria siku ya kwanza, fundi huhitaji miezi kadhaa ajulikane. Asiye na akiba ya miezi 3 ya chakula asikimbilie.

Sasa meli. Kijana wa Mombasa mwenye laki moja na nusu atapata wa kumwahidi kazi baharini kabla hajamaliza kuihesabu. Shika haya. Mafunzo ya msingi ya usalama yanayotakiwa na STCW, mkataba wa kimataifa wa mafunzo ya mabaharia, ni ya kujiokoa majini, kuzima moto, huduma ya kwanza, na usalama na wajibu wa mtu binafsi; yanatolewa Bandari Maritime Academy hapahapa mjini. Wakala wa kuajiri mabaharia lazima awe na leseni ya Kenya Maritime Authority. Na Mkataba wa Kazi za Baharini wa 2006, ambao Kenya imeuridhia, unakataza baharia kutozwa ada ya kutafutiwa kazi: gharama zake ni cheti cha daktari, kitabu cha baharia na pasipoti. Anayekudai “ya kuweka jina” amekwisha kujieleza. Kwa kazi za nyumbani na udereva wa Ghuba, wakala athibitishwe na National Employment Authority kabla hujatoa hata nauli ya kumfuata ofisini.

Elfu 200 hadi 450: bonde la kuangalia

Kwa maoni yetu hiki ndicho kiwango hatari kuliko vyote. Ni kikubwa mno kwa karai, na ni kidogo mno kwa tuktuk mpya au ardhi yenye hati. Mwenye nacho hufanya moja kati ya mambo mawili: hununua tuktuk iliyochoka, au hukopa nusu nyingine. Tuktuk iliyochoka hapa Pwani ina tatizo lisiloonekana kwenye picha: chumvi. Inua mkeka wa miguuni, pitisha bisibisi kwenye viungo vya chini ya kiti cha nyuma, kisha angalia rangi iliyotuna karibu na mlango. Pakiwa na kutu inayomomonyoka, bodi imekwisha hata injini ikinguruma vizuri. Mwenye 300,000 afadhali pikipiki ya taslimu na laki iliyobaki akiba, au aendelee kuweka mpaka afike nusu milioni.

Nusu milioni: tuktuk, vyumba au hatifungani?

Tuseme tuktuk ni 520,000 na hesabu ya siku ni 1,000. Dereva mwenye tuktuk yake huhesabu hivi: mauzo 3,000, mafuta 1,000, zimebaki 2,000, kwa siku 26 ni 52,000, toa 10,000 za bima, leseni, oili, tairi na akiba ya injini, faida 42,000. Si faida. Angekuwa dereva wa kuajiriwa angepata 1,000 kwa siku, 26,000. Hiyo ni mshahara wake wa jasho. Kilicholetwa na ile 520,000 ni 16,000 tu.

Mwenye kuajiri dereva hali yake ni mbaya zaidi. Siku 26 za hesabu zinakuwa 22, kwa kuwa kuna siku ya gereji, siku ya mvua ya Mei na siku simu haishikwi. Chombo kinaendeshwa na mtu asiyelipia klachi, gharama zinapanda hadi 12,000.

| | Tuktuk, unaendesha mwenyewe | Tuktuk, umeajiri dereva | Vyumba 2, ardhi ni yako | Hatifungani ya serikali |
|---|---|---|---|---|
| Inaongeza kwa mwezi | 16,000 | 10,000 | 6,700 | 4,500 |
| Miezi ya kujirudisha | 33 | 52 | 78 | mtaji haupungui kwa namba |
| Inahitaji mwili wako | kila siku | simu na ugomvi kila siku | siku chache kwa mwezi | hapana |
| Kinachoiua | injini, ajali, kutu | dereva na gereji | mpangaji asiyelipa | bei za vitu kupanda |

Vyumba tumevihesabu kwa gharama ileile ya 520,000 na kodi ya 4,000 kila kimoja, miezi 11 kwa mwaka (chumba hukaa kitupu wakati fulani), toa 8,000 za marekebisho. Hatifungani, yaani kuikopesha serikali kwa riba, ni 500,000 kwa mfano wa asilimia 12, toa kodi ya asilimia 10 inayokatwa kwenye za miaka 10 na zaidi. Huanzia shilingi 50,000 na hununuliwa kwa simu kupitia DhowCSD, mfumo wa Benki Kuu.

Ukiangalia jedwali utaona tuktuk inashinda, na kwa dereva ambaye leo anapeleka hesabu kwa mtu, inashinda kweli, ingawa miezi 33 imepita kidogo mpaka wetu wa 30: tundu ni lake, ameliziba. Kwa mwalimu au karani anayetaka “kitu cha pembeni”, tuktuk ya kuajiri ina miezi 52, na kabla ya hapo injini imeshafunguliwa. Huyo achague vyumba ikiwa ana kiwanja.

Asiyetaka riba ana njia ya murabaha kwenye benki za Kiislamu: benki hununua tuktuk, kisha inakuuzia kwa bei ya juu iliyotajwa wazi tangu mwanzo. Linganisha jumla ya mwisho, si malipo ya mwezi. Wakati mwingine ni ghali kuliko mkopo wa kawaida, wakati mwingine nafuu, ila haiongezeki ukichelewa mwezi mmoja kama riba inavyozaana. Kwa njia yoyote, hakikisha usajili wa chombo umeingia kwenye akaunti yako ya NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani), peke yako au pamoja na mkopeshaji. Tuktuk yenye jina la “kaka aliyenisaidia” ni ya kaka.

Na lile la vyumba lina sharti zito hapa kwetu: nyumba bila ardhi. Mombasa mtu anaweza kumiliki nyumba, akairithisha na kuiuza, huku kiwanja ni cha mwingine anayelipwa kodi ya ardhi kila mwezi. Nyumba kama hiyo huwa bei poa, na ndiyo chambo. Benki haiipokei kama dhamana, mwenye ardhi mara nyingi hukataa ghorofa, na siku akiuza kiwanja, wewe unabaki na mawe na mabati. Migogoro ya ardhi hapa huchukua kizazi kizima. Shamba la Waitiki kule Likoni lilingoja hadi serikali ilinunue, na hati zikaanza kutolewa Januari 2016. Kama ni nyumba bila ardhi, vyumba vyako vijirudishe ndani ya miaka 4. Kwa hesabu ya hapo juu havijirudishi, kwa hiyo usijenge.

Milioni 3: kuacha kazi?

Ndiyo namba inayotajwa vibarazani kama “nikipata hizo sifanyi kazi tena”. Kwenye hatifungani, kwa mfano uleule wa asilimia 12, ni 360,000 kwa mwaka, ikikatwa kodi ni 324,000, sawa na 27,000 kwa mwezi. Kwenye vyumba, ukinunua kiwanja cha 800,000, ushuru wa stempu ni asilimia 4 mjini, 32,000, na mwanasheria na upimaji kama 100,000. Zilizobaki zinajenga vyumba 8 vya 250,000. Kodi ya miezi 11 ni 352,000. Imepita 288,000 kwa mwaka, kiwango cha kuanza kutozwa ushuru, kwa hiyo unailipa serikali asilimia 7.5 ya kodi yote, 26,400. Toa marekebisho 40,000. Unabaki na 23,800 kwa mwezi.

Kwa hiyo milioni 3 haimwachishi kazi mtu mwenye watoto wanaosoma. Inalipa pango, maji na chakula cha wastani, basi. Inachobadilisha ni uoga: mtu mwenye 25,000 zinazoingia bila yeye kuamka anaweza kukataa kazi mbaya. Mwanzoni hatifungani iko mbele kidogo, lakini kodi ya nyumba hupanda na 27,000 ya leo haitanunua kitu kilekile baada ya miaka 10. Tungegawa: vyumba vichache, hatifungani kidogo, na kazi iendelee.

Kwa mkupuo au kila mwezi?

Hili limepimwa nchini. Kuanzia 2011 shirika la GiveDirectly liligawa pesa bila masharti kwa kaya maskini za Rarieda, Siaya. Wengine walipata shilingi 25,200, wengine 95,200, wengine kwa mkupuo na wengine kwa miezi 9. Matokeo yaliyochapishwa 2016 yalionyesha kwamba waliopokea kila mwezi walikula vizuri zaidi, na waliopokea kwa mkupuo walinunua zaidi vitu vya kudumu. Katika mradi mwingine wa shirika hilo, ulioahidi malipo ya kila mwezi kwa miaka 12, wapokeaji wengi waliingia kwenye michezo ya kupokezana ili waigeuze kuwa mkupuo wao wenyewe.

Kwa hiyo ukiwa wewe ndiye mtoaji, uliye Doha au Uingereza: tundu la tumbo lipe kila mwezi, tundu la chombo lipe siku moja, na mlipe muuzaji moja kwa moja. Elfu 10 kwa miezi 18 na 180,000 kwa siku moja ni pesa ileile. Ya kwanza haitageuka pikipiki.

Na asiye na wa kumpa anabaki na mchezo. Watu 10, kila mmoja 5,000 kwa mwezi, kila mwezi mmoja anaondoka na 50,000. Anayepokea wa 1 amepata mkopo usio na riba, na anayepokea wa 10 amewawekea wenzake akiba. Wenye tundu kubwa wapewe mwanzo, wenye mshahara wakae mwisho, na aliyepokea mapema aweke mdhamini ndani ya kikundi, mtu anayejulikana nyumba yake, kwa sababu mchezo huvunjika mwezi wa 4 au wa 5, pale aliyekwisha kula anapoanza kuhama mtaa.